Kidole cha Fundi wa Stoo

Jina lake nalijua, lakini kwenye kampuni yetu ya walinzi hakuna aliyelitumia, na mimi sitakuwa wa kwanza. Meneja, ambaye sisi sote tulimwita sir, alimwita Master, kama Wahindi wanavyomwita kila mtu anayekaa nyuma ya cherehani. Madereva Wapathani walimwita Chacha, yaani baba mdogo. Sisi Wakenya na Waganda tulimwita Fundi, na kwa kuwa stoo ile ya Al Quoz, Dubai, ilikuwa na fundi mmoja tu, hilo lilitosha.

Mimi nilikuwa karani wa stoo. Nilikuwa nagawa mabuti, mikanda, kofia na redio za mkononi. Yeye alipokea suruali zilizotoka kiwandani zimekatwa kwa ajili ya binadamu ambaye hajazaliwa, akazifanya zimwingie mtu wa Kakamega au wa Masaka. Tulikaa chumba kimoja, meza zikitazamana, miaka sita. Katika miaka hiyo nilimwona yeye kuliko nilivyomwona mtu yeyote wa damu yangu.

Nikimkumbuka, naanza na mdomo. Tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri ulikuwa umejaa pini. Aliongea nazo, alicheka nazo, alikohoa nazo, na wageni waliotoka uwanja wa ndege jana yake walidhani mzee amekasirika kwa sababu maneno yalipenya kwenye meno kwa shida. Akizitoa zote na kuzichoma kwenye mto wake wa pini, basi ujue kuna jambo. Katika miaka sita nilimwona akizitoa namna hiyo labda mara nne.

Alikuwa na sheria zake. Hakumpima mtu aliyevaa ndala. Mlinzi alipaswa kuvaa buti zilezile atakazosimama nazo, afunge kamba, asimame wima kama yuko langoni, ndipo Fundi apige magoti na chaki yake. Kijana mmoja wa Eldoret alikuja mbio, basi la mafunzo linangurumisha injini nje, akainua mguu wenye ndala.

"Fundi, kata tu hapa. Basi linaniacha."

"Buti ziko wapi?"

"Ziko kwa bag, Fundi. Please."

"Basi kazitoe ndani ya huo mfuko uvae. Mie nakungoja."

Basi likaondoka. Sir akaja juu, akipiga kelele kwa Kiingereza, na Fundi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha inchi na kiuno tu, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akamwambia kwa Kiarabu kwamba huyu atasimama ndani ya suruali hii kwa saa kumi na mbili kila siku kwa miaka miwili, na basi litarudi saa nane. Sir akarudi ofisini kwake. Kijana wa Eldoret alimaliza mkataba wake bila suruali kumpanda hata siku moja, ingawa sidhani aliwahi kushukuru.

Kiswahili chetu kilimchosha. Alikuwa Mzanzibari wa kale wa Dubai, amekuja zamani mno hata hakupenda kuulizwa, na bado alisema Kiunguja kana kwamba ameshuka jana. Mlinzi akisema, "Fundi, hii long'i imenibana," yeye alikuwa anaweka suruali chini.

"Imekubana nini?"

"Long'i, Fundi."

"Mie hapa sina kitu kinaitwa hivyo. Mwambie," ananigeukia mimi, "mwambie mwenzio kwamba kuna suruali, kaptula, na shuka. Achague."

Mimi alinisamehe kidogo kwa sababu nilijitahidi. Aliniita mwanangu, na siku nikimuudhi aliniita "wee bibi." Nilimwita Fundi, na nikitaka kitu, nilimwita mzee wangu, naye alijua mara moja kwamba nataka kitu.

Alikuwa mchoyo wa uzi kupita kiasi. Vipande vya urefu wa kidole alivifunga pamoja na kuvitumia kushikizia. Lakini Ijumaa, siku yake pekee ya kupumzika, ungemkuta kwenye chumba chake cha kampuni kule Muhaisnah akishona bure magauni ya wasichana wa kazi za ndani waliosindikizwa na kaka zao. Alichukia mambo ya haraka, ila kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza getini. Na hili la mwisho sikuliamini mpaka nilipoliona: mtu huyu, aliyeishi na sindano mdomoni, mkononi na kwenye ukosi wa shati, alikuwa anaogopa kudungwa. Siku ya kupima damu kwa ajili ya viza alishika bega la dereva, akafumba macho, akasoma alichosoma, na bado alianguka. Waliporudi dereva alitusimulia hadi tukalia kwa kicheko. Fundi hakucheka.

"Sindano yangu mie naijua inakokwenda," alisema. "Ya yule sijui."

Sasa nifike kwenye mkono, maana nazunguka.

Tatizo lilianza kama uvimbe mdogo kwenye kiganja cha kulia, chini ya kidole cha pete. Fundi wa nguo ana sugu za mkasi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe. Alipaka mafuta ya nazi akaendelea. Kisha kidole kikaanza kujikunja. Hakikuuma. Kama kingeuma pengine angekiheshimu. Kilijikunja taratibu, mwezi baada ya mwezi, na kilipojikunja hakikurudi, hata ukikivuta kwa mkono mwingine. Alijaribu kukifunga kwenye rula ya chuma kwa usiku mzima. Asubuhi rula ilikuwa sakafuni na kidole kiko palepale.

Ukikaa na mtu kila siku unayaona madogo. Niliona anajitia kidole jichoni akinawa uso. Niliona anashindwa kuuingiza mkono kwenye mfuko wa suruali aliyoishona mwenyewe, akahangaika, akatazama huku na huku, na kesho yake akaja na suruali yenye mifuko mipana kama ya mpishi. Niliona alivyobadilisha namna ya kusujudu kwenye kona yake ya kuswalia, mkono wa kushoto ukiwa umelala kwenye mkeka na wa kulia ukisimama kwa ncha. Mtu anayejificha mbele yako unamsaidia kwa kutazama pembeni, au ndivyo nilivyofikiri wakati ule.

Kisa cha salamu ndicho kilichofumbua mambo. Tulipokea walinzi wanawake wapya, Waganda na Wakenya, na Fundi akampa mkono mmoja wao, dada mkubwa wa Mbale mwenye sura ya kazi. Dada yule akauchomoa mkono wake kama aliyeshika moto. Akanijia mezani.

"Madam, huyu mzee ana tabia mbaya. Ananikuna kwa kiganja."

Kwetu kila mtu anajua maana ya mwanamume kukukuna kiganjani wakati wa salamu. Nilimwangalia Fundi, naye alikuwa ameelewa, na uso wake sijawahi kuuona vile. Alitoa pini mdomoni moja moja. Akamwendea yule dada, akaufungua mkono mbele yake kadiri ulivyofunguka, yaani nusu.

"Nitazame, binti. Si mie. Ni hiki hapa, hakinisikii tena."

Dada wa Mbale akauangalia ule mkono, akapiga magoti palepale kwa namna yao ya heshima, akaomba msamaha hadi tukaona haya sote. Tangu siku hiyo Fundi hakumpa mtu mkono. Aliuweka kifuani na kuinamisha kichwa. Nami siku hiyohiyo nikamwambia kwamba tutakwenda hospitali, na nikishasema mimi husema kila siku mpaka mtu achoke.

Kliniki ilikuwa Oud Metha, ghorofa ya pili, na daktari wa mikono alikuwa mama wa Kihindi mwenye miwani kwenye kamba. Kadi ya bima ilikubali. Nilikwenda kutafsiri, kwa sababu Kihindi cha Fundi kilikuwa cha vifungo na zipu, na pia kwa sababu aliniambia wazi kwamba peke yake haendi.

Daktari alimwambia auweke mkono mezani, kiganja chini. Haukulala. Kalamu ilipita chini yake bila kugusa ngozi.

"Uncle, tangu lini?"

Fundi akaninong'oneza, "Muulize kama ni kijicho."

"Siwezi kumuuliza hivyo daktari, Fundi."

Akamuuliza mwenyewe kwa Kihindi. "Nazar?"

Daktari akacheka vizuri, bila dharau. "Hapana, Uncle. Siyo nazar."

Akaeleza, nami nikatafsiri. Chini ya ngozi ya kiganja kuna utando, na kwa watu wengine utando huo hujikusanya ukawa kamba. Kamba inafupika, inavuta kidole. Wenye kisukari, kama yeye, ugonjwa huu huwapata zaidi. Zamani walipasua kiganja na kuitoa. Siku hizi, kwa kidole kama hiki, anachoma ganzi, anaingiza sindano nyembamba, anaikata kamba humohumo ndani kwa ncha yake sehemu mbili tatu, halafu anakinyoosha kidole. Hakuna kisu wala uzi. Nusu saa, unarudi nyumbani na plasta. Ipo na njia nyingine, ya kudunga dawa inayoilainisha kamba, kisha baada ya siku moja au mbili kidole kinavutwa, lakini hiyo kuipata ilikuwa taabu. Kamba inaweza kurudi baada ya miaka. Ikirudi, wanarudia.

Kisha akagusa fundo la chini la kidole, pale kinapotoka kiganjani. "Kwa sasa kimejikunja hapa. Hapa nakiweza." Akagusa kiungo cha katikati. "Kikianza kujikunja hapa na kukaa hivyo, kiungo chenyewe kinaganda. Sindano inakata kamba tu, haigandui kiungo." Akanitazama mimi, si yeye. "Usimcheleweshe."

Hilo nililitafsiri pia. Neno kwa neno nililitafsiri. Fundi aliitikia inshallah ya kuahirisha ambayo kila aliyeishi Dubai anaifahamu, na kwenye lifti akaniambia yule mama ni mtu mwema sana.

Ikapita miezi miwili ya inshallah. Kilichomvunja haikuwa mimi, ilikuwa mashine.

Getini tulikuwa na mashine ya mahudhurio. Si ya kidole kimoja, ni ile ya mkono mzima: unabonyeza namba yako, unalaza kiganja cha kulia kwenye bamba, unapitisha vidole kati ya vijiti vyake, inaupima mkono, inawasha taa ya kijani. Tuliiita Madam, kwa kuwa bila ruhusa yake hukuwepo kazini hata kama umesimama mbele ya meneja. Asubuhi moja Madam ikamwashia Fundi taa nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu. Siku tatu mfululizo, na kwa rekodi za ofisi siku tatu hakuwepo, ingawa sir mwenyewe alikuwa amemwona akimpigia pasi shati lake.

Sir alisema, si kwa ubaya, kwamba mkono usiosomeka itabidi upelekwe kwa uchunguzi wa afya ya kazi. Sote tulijua maana yake, kurudishwa kwao, kwa mtu aliyekwishapita sitini, ambaye viza yake ilisainiwa kila mara kwa kubembelezana. Siku hiyo pini zilitoka zote.

"Nipeleke kwa yule mama," aliniambia. "Anidunge. Nimekubali."

"Kweli, Fundi? Hutaniaibisha huko uanguke?"

"Nitaanguka. Wewe utanishika. Lakini nipeleke."

Nikapiga simu, tukapata miadi Jumanne saa nne. Fundi akaomba ruhusa ya siku moja. Tukapatana nitampitia Muhaisnah kwa gari la kampuni, tuondoke pamoja.

Jumapili akaja fundi mitambo kutengeneza mlango, kijana wa Kerala, nami nikamuuliza juu ya Madam. Akaniambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa analijua: mtu mwenye tatizo la mkono wa kulia anaweza kusajiliwa wa kushoto, ilimradi aulaze chali, kiganja juu. Mashine haijui tofauti. Msimbo wa usimamizi nilikuwa nao mimi.

Nikamwita Fundi. Nikafuta mkono wake wa zamani, nikaingiza namba, akaulaza wa kushoto chali kwenye bamba. Mara tatu, kama inavyotaka. Kisha tukajaribu. Kijani.

Nilipiga kigelegele pale getini. Nilicheza. Walinzi wa zamu walipiga makofi, dereva akapiga honi, na Fundi alisimama katikati yetu akicheka na pini zake, akisema, "Huyu mtoto, huyu mtoto." Nilijiona mjanja kuliko kampuni nzima. Niseme ukweli, sidhani kama nimewahi kuipenda nafsi yangu kama nilivyoipenda asubuhi ile.

Jumanne lilifika kontena la mabuti. Nilikuwa nahesabu jozi nikiwa nimejifunga leso kichwani, na miadi niliikumbuka saa tano, imeshapita. Nikajisemea haina shida, mashine imeshakubali, na Fundi mwenyewe atakuwa ameshukuru kuiepuka ile sindano. Sikumpigia simu. Jumatano nilimtania.

"Ehe, Fundi, jana umelala sana?"

"Nimepumzika," alisema. "Si mashine yako imenikubali?"

Tukacheka. Nikapiga kliniki kuomba radhi, wakaniambia tupange siku nyingine, nikasema nitapiga.

Watu wananiambia nisijilaumu, kwamba yeye alikuwa mtu mzima. Ndiyo. Lakini hofu yake ya sindano ilikuwa imeshindwa na hofu ya ile taa nyekundu, mara moja tu katika maisha yake, na mimi nikaizima taa. Nilimwondolea sababu ya kwenda, na hilo nikaliita msaada. Kosa hilo tunalifanya sana sisi tuliokwenda kufanya kazi ng'ambo. Tunamfichia mwenzetu. Anayeumwa mgongo tunambebea, asiyeona vizuri tunamsomea, mradi ofisi isijue, na siku ofisi inapojua hakuna daktari wa kumsaidia tena.

Kidole cha pete kikafika kiganjani. Kidole kidogo kikafuata. Nilianza kumtungia uzi, kisha kumkatia vitambaa vizito, kisha kumkatia vyote, na alinisimamia kwa ukali ambao hakuwa nao zamani.

"Unakata kama unagombana nacho. Taratibu, wee bibi."

Mara nyingine alikaa tu mbele ya cherehani na ule mkono juu ya meza, anautazama, nami nilijifanya naandika. Nilimwambia twende. Nilimwambia mara nyingi, naye sasa alikuwa na jibu: kazi nyingi, Ramadhani, baridi ipite, joto lipite. Sikuweza tena kumlazimisha. Sikujua kwa nini sikuweza. Labda kila nilipofungua mdomo nilikumbuka kigelegele changu.

Tulirudi Oud Metha baada ya karibu miaka mitatu, na tulirudi kwa sababu kucha ilikuwa imechimba kiganja hadi kikatoa maji. Daktari alikuwa yuleyule, miwani ileile. Alilifungua faili, akamtazama.

"Uncle, ulipotelea wapi?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Fundi akanitangulia kwa Kihindi chake cha zipu: "Kazi, daktari. Kazi nyingi."

Kidonda kilipopona, alimdunga. Fundi hakuanguka. Alilala chali, mkono umenyooshwa juu ya kitambaa cha kijani, uso umegeukia kwangu, nami nimeshika bega lake. Ganzi ikaingia. Daktari akamwambia achezeshe ncha ya kidole, akaichezesha. Ikaingia ile sindano nyembamba, ikawa inatembea ndani, na daktari akizungumza peke yake polepole. Kisha akakishika kidole akakivuta, na kamba ikakatika kwa sauti tuliyoisikia wote watatu.

Fundi akafungua macho. Kidole kilikuwa kimefunguka kwenye fundo la chini. Kilisimama, kimetoka kiganjani, na kwa sekunde chache nilidhani tumesamehewa. Daktari akajaribu kiungo cha katikati. Akajaribu tena, jasho likimtoka kwenye paji. Hakikwenda. Akajaribu kidole kidogo, kikaenda kidogo sana kikakataa.

"Kiungo kimeshika," aliniambia. "Kamba nimeikata. Kiungo siwezi."

Nikamtafsiria Fundi. Kati ya yote niliyowahi kumtafsiria mtu, sentensi ile ndiyo iliyonishinda, nikaisema vipandevipande. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama ataweza kushika mkasi. Daktari akasema upo upasuaji mkubwa, miezi ya kupona, na kwa umri na sukari yake haahidi kitu. Alimpa banzi la plastiki la kuvaa usiku. Alilivaa kila usiku, nasikia kwa waliolala naye chumba kimoja, mpaka likapasuka.

Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuagiza sare zilizo tayari, za saizi tano, na anayebanwa abanwe. Nilimwandikia sir barua. Nilikwenda kwake mara mbili. Alinisikiliza, na mara ya pili akaniletea kiti, ndipo nikajua mambo yameisha.

"Khalas," alisema. "Imetoka juu. Mimi pia nampenda Master."

Mimi mwenyewe niliacha stoo muda mfupi kabla yake, nikapata kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya Oud Metha. Fundi alinifuata huko wiki ya mwisho, bila kunipigia kwanza, amevaa kanzu aliyoishona enzi za mkono wake. Viza ilikuwa imekatwa. Ndege ilikuwa Alhamisi. Tukaenda kwenye mkahawa wa chini, tukaagiza chai ya karak, naye akakishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Tukaongea habari za watu. Dada wa Mbale amekuwa msimamizi. Cherehani wameiuza. Kisha akakiweka kikombe chini, akanisogezea ule mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Hebu bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Chini ya kidole cha pete palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya choroko, na kutoka hapo ilikuwa imeanza njia nyembamba kuelekea kidoleni.

"Mwanangu, ni sugu au ni yale yale?"

Nilitaka kusema sugu. Alikuwa anaondoka baada ya siku tatu, kadi ya bima imekufa, kwao sijui kama kuna daktari wa mikono, na sugu ingempa safari ya amani. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Ni yale yale, Fundi."

Akaitikia. Nikachukua simu, nikapiga kliniki, ng'ambo ya barabara tu, ningeweza kuiona kutoka pale. Daktari alikuwa likizo hadi mwezi ujao. Nikauliza mwingine. Hakuna mwingine wa mikono. Nikawaambia ni uvimbe mpya, mdogo, nataka tu mtu autazame na kutuandikia jina la ugonjwa ili atibiwe huko aendako. Msichana wa simu aliniomba namba ya bima. Nikakata. Nilikuwa nalia, na mhudumu wa mkahawa akaleta tishu bila kuulizwa.

"Nyamaza," alisema Fundi. "Watu watadhani nimekuposa."

"Ile Jumanne," nilisema. "Ningekupeleka ile Jumanne, hata kwa nguvu. Wewe hukutaka, lakini ningekupeleka."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani kakwambia sikutaka? Nilikoga alfajiri. Nilivaa. Nilikaa kitandani nakungoja mpaka adhuhuri."

Karak ilikuwa imeshika utando juu.

"Mbona hukuniambia? Jumatano nilikuuliza. Ulicheka."

"Ulikuwa na furaha sana na mashine yako, mwanangu," alisema. "Sikutaka kukuharibia."